Janga likiukuta msimu wa ufukweni: kusoma mahitaji, kupanga siku na kulinda fedha za wageni

Swali: Nina nyumba tatu ufukweni ninazokodisha kwa wageni wa likizo. Msimu wangu mkubwa ni wa siku kama 90, na ndio unaolisha mwaka mzima. Mwaka 2020 nilirejesha fedha nyingi nikadhani biashara imekwisha. Baadaye wageni wakaja kwa wingi dakika za mwisho, nami nilikuwa nimekwisha shusha bei. Mwaka 2021 nilijaa hata miezi niliyozoea kufunga. Tangu hapo mambo yameshuka tena. Nishike mwaka upi kama kipimo? Na likija janga jingine, nitajuaje mapema kama wageni watakuja?

Jibu: Ulishusha bei wakati wageni wako walikuwa bado hawajaamua. Mengi ya mwaka 2020 hayakuwa mikononi mwako, ila hili lilikuwa, na lilitokana na zoea la kawaida kabisa: kutazama nafasi zilizowekwa kufikia leo, kisha kuzilinganisha na zilizokuwa zimewekwa tarehe kama ya leo mwaka uliopita. Mambo yakiwa shwari, ulinganisho huo unafaa. Wakati wa janga unapotosha, kwa sababu kabla idadi ya wageni haijabadilika, hubadilika kwanza wanakotoka, wanaamua lini, wanakaa muda gani na wanakuja mwezi gani. Anayehesabu vichwa peke yake huona pengo, huogopa, na huuza kwa bei ya chini siku ambazo zingenunuliwa hata hivyo.

Kuanzia hapa, nikisema "siku" zilizouzwa au zilizolalwa nina maana ya usiku mmoja wa kulala, maana ndicho kitu unachouza.

Mambo yalivyokwenda

Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga la korona tarehe 11 Machi 2020. Mwaka huo safari za kimataifa zilianguka kutoka karibu bilioni 1.5 za mwaka 2019 hadi kama milioni 400. Ukisoma takwimu hiyo peke yake utasema hakuna aliyesafiri. Lakini mwenye nyumba ya ufukweni inayofikika kwa gari alikuwa akiishi katika soko jingine kabisa.

Tazama Outer Banks, visiwa vyembamba vya pwani ya North Carolina nchini Marekani. Katikati ya Machi 2020 Kaunti ya Dare iliwafungia wageni, na siku chache baadaye ikawafungia hata wenye nyumba wasio wakazi wa pale. Iliwafungulia wageni tarehe 16 Mei, na visiwa vikajaa watu waliokuja kwa magari yao. Florida nako, gavana alipiga marufuku ukodishaji wa nyumba za likizo mwishoni mwa Machi, huku hoteli zikiachwa nje ya amri ile. Katikati ya Mei nyumba zikaanza kuruhusiwa, kaunti moja baada ya nyingine, kila moja kwa mpango wake ulioidhinishwa. Uingereza ilifanya kinyume: mwaka 2021 nchini England, nyumba zenye mlango na jiko lake zilifunguliwa tarehe 12 Aprili, wiki tano kabla ya hoteli, kwa sharti la familia moja kwa nyumba.

Kwa hiyo usichukulie kwamba amri itakayowakuta wenye hoteli ndiyo itakayokukuta wewe. Wakati mwingine nyumba hufungwa kwanza kwa sababu hakuna mtu mapokezi wa kuhesabu wanaoingia. Wakati mwingine hufunguliwa kwanza kwa sababu wageni hawagusani na mtu yeyote. Soma maneno yenyewe ya amri: nani ametajwa, ni kukodisha kwa chini ya siku ngapi, na watu wa kaya ngapi wanaruhusiwa kulala chini ya paa moja.

Baada ya kufunguliwa, msukumo ulikuwa mkubwa kwa sababu zinazoeleweka. Fedha iliyokuwa ya tiketi za ndege ilikosa pa kwenda. Wafanyakazi wa ofisini walikuwa wakifanya kazi kwa intaneti, na watoto wengi walikuwa wakisoma kwa intaneti, hivyo ratiba ya shule, ambayo ndiyo huchora mipaka ya msimu wa ufukweni, ikalegea. Ndiyo maana ulijaa miezi uliyozoea kufunga. Wageni wale hawakugundua ghafla kwamba ufukwe unapendeza nje ya msimu. Walikuwa wameachiliwa na kalenda, na kalenda ilipokaza tena waliondoka.

Kushuka kwa baadaye kuna sababu mbili, na ya pili watu huisahau. Ya kwanza ni kwamba mipaka ilifunguka, na waliokuwa wamezuiliwa wakaenda mbali. Ya pili ni kwamba mafanikio ya 2021 yaliwaita wengine. Nchini Marekani benki kuu ilishusha riba hadi karibu na sifuri Machi 2020 na haikuanza kuipandisha hadi Machi 2022. Mkopo ulikuwa nafuu na nyumba za ufukweni zilionekana kama kisima. Ila kununua nyumba, kuikarabati, kuiwekea samani na kuitangaza huchukua miezi mingi, kwa hiyo nyumba mpya huingia sokoni wakati wageni waliozivutia wameanza kupungua. Ukiona majirani zako wote wananunua nyumba ya pili, jiandae kwa misimu miwili ya bei kulala.

Mwaka wa kipimo

Shika 2019 pamoja na miaka ya kuanzia 2023, uchukue wastani wa kila wiki ya msimu, si wa mwezi mzima. Mwaka 2021 uuandike pembeni kama dari: ndicho kiwango cha juu ambacho nyumba zako zinaweza kufika soko likiwa limezingirwa. Usiupangie matumizi.

Mwaka 2020 hautupwi, ila husafishwa kwanza. Siku iliyofungwa kwa amri na siku iliyokosa mgeni si kitu kimoja, ingawa kwenye kalenda zote huonekana nyeupe. Tuseme Julai ya siku 31 ilikuwa na siku 13 za amri ya kufunga, na ukauza siku 15. Ukigawa 15 kwa 31 unapata asilimia 48, na unahitimisha kwamba wageni walikukimbia. Ukigawa kwa siku 18 zilizoruhusiwa unapata asilimia 83. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa juu ya nyumba ileile. Pitia kalenda ya 2020 na 2021, utie alama tatu: iliyouzwa, iliyokuwa wazi ikakosa mgeni, na iliyofungwa. Hii ya tatu iondoe kwenye hesabu kabisa, pamoja na siku ulizofunga mwenyewe kwa matengenezo au kwa kulala ndugu zako.

Kujua mapema

Kipimo unachokihitaji ni siku za kutangulia, yaani siku zinazopita kati ya mgeni kuweka nafasi na kufika. Wakati wa janga watu husubiri tangazo la serikali, husubiri matokeo ya vipimo, husubiri kuona wenzao wamerudi salama. Walioamua miezi miwili kabla sasa huamua wiki moja kabla. Hawajapungua, wamechelewa tu.

Chukua siku zote zilizolalwa katika wiki 4 zilizopita, kwa nyumba zote tatu. Tuseme ni 80. Zipange kwa namna zilivyowekwa: zilizowekwa zaidi ya siku 60 kabla ni 12; kati ya siku 31 na 60 ni 8; kati ya siku 15 na 30 ni 16; siku 14 au pungufu ni 44. Hapo unaona kwamba kufikia siku 15 kabla ya kufika, ulikuwa umepata siku 36 tu kati ya 80, yaani asilimia 45 ya mauzo ya mwisho.

Sasa tazama wiki inayoanza siku 15 zijazo. Nyumba tatu mara siku 7 ni siku 21 za kuuza, na mkononi una 8. Gawa 8 kwa 0.45: unatarajia kufunga wiki hiyo na siku 18 hivi kati ya 21. Kwa kipimo cha zamani, ambapo pengine asilimia 80 ya mauzo huwa yameingia kufikia hapo, siku 8 zingeashiria kwamba utaishia na 10, na mkono ungekwenda moja kwa moja kwenye bei. Kitabu kile kile cha wageni, hukumu mbili zinazopingana.

Hesabu hii huharibika kwa njia nne. Kwanza, watu huhesabu idadi ya wateja badala ya siku, na mteja mmoja wa siku 14 akawa sawa na wa siku 2. Pili, huingiza nafasi zilizoghairiwa baadaye. Hesabu zile zilizolalwa tu. Tatu, wiki zilizojaa mapema huficha wageni wa dakika za mwisho kwa sababu walikuta mlango umefungwa. Andika daftarini kila aliyeulizia akakosa, tarehe aliyotaka na siku alizotaka. Nne, na hii ni ya wenye nyumba chache kama wewe: mgeni mmoja wa wiki nzima husogeza theluthi ya wiki yako. Usisome wiki moja peke yake. Soma tatu kwa pamoja, ufanye hesabu upya kila wiki, na siku serikali inapotangaza kufungua au kufunga, tupa takwimu za kabla ya tangazo.

Kipimo cha pili ni mahali wageni wanakotoka. Pitia majina ya msimu wa kawaida uwagawe katika mafungu matatu: wanaofika kwa gari ndani ya saa 4 hivi bila kuvuka mpaka wowote, wanaosafiri mbali zaidi ndani ya nchi, na wanaokuja kwa ndege au kuvuka mpaka. Fungu la tatu likiwa asilimia 10 ya siku zako, kufungwa kwa mipaka ni usumbufu. Likiwa asilimia 60, hilo ni pigo ambalo tangazo la bei nafuu halitalitibu, maana itabidi utafute wageni wengine kabisa, kwa lugha nyingine na pengine kwenye jukwaa jingine la kukodisha.

Wageni wa karibu wanaweza kuziba pengo, lakini hawafanani na unaowapoteza. Huamua wakichelewa, huja Ijumaa na kuondoka Jumapili, hutazama hali ya hewa kwanza, na huleta vitu vyao vyote kwenye gari. Kalenda yako itakuwa na wikendi zilizojaa na katikati ya wiki peupe.

Waliojaza katikati ya wiki mwaka 2020 na 2021 walikuwa wale waliokuja na kazi. Hao hawaulizi kama kuna mandhari ya bahari, picha zinaonyesha. Wanauliza intaneti. Simu moja ya video yenye picha safi hula megabiti 3 hadi 4 kwa sekunde kila upande, kwenda na kurudi, na nyumba nyingi zina kasi nzuri ya kupokea huku ya kutuma ikiwa dhaifu. Watu wazima wawili na watoto wawili wakiwa kwenye simu za video kwa pamoja wanataka kama 16 za kutuma. Pima mwenyewe ukiwa kwenye meza watakayofanyia kazi, mlango ukiwa umefungwa, saa za jioni mtandao unapoelemewa, kisha uweke picha ya matokeo kwenye tangazo. Ongeza meza ya kweli na kiti chenye mgongo. Kiti cha baa cha jikoni hakikaliki kwa muda wa saa nane.

Siku ngapi kwa mgeni mmoja, na pengo la usafi

Mwezi Aprili 2020 Airbnb, jukwaa la mtandaoni la kukodisha nyumba, ilitangaza utaratibu wa usafi wenye saa 24 za kusubiri kati ya mgeni na mgeni, au saa 72 kwa wasiofuata utaratibu huo. Wengi wakaendelea kuacha siku moja tupu hadi 2021 na zaidi. Tazama inavyokula. Nichukue nyumba moja, msimu wa siku 90, bei ya 100 kwa siku, na usafi wa 60 kila mgeni anapoondoka (hizi ni namba za mfano, weka zako). Nachukulia pia kwamba kila nafasi inayopatikana inauzwa.

Kwa wageni wa siku 3 na pengo la siku moja, unaingiza wageni 22 na kuuza siku 66. Mapato 6,600, ukitoa usafi unabaki na 5,280. Wageni wa siku 7 kwa punguzo la asilimia 5: wageni 11, siku 77, unabaki na 6,655. Wageni wa siku 14 kwa punguzo la asilimia 10: wageni 6, siku 84, unabaki na 7,200. Wageni wa siku 28, ambao huwa wanadai punguzo kubwa, tuseme asilimia 25: wageni 3, siku 84 zile zile, unabaki na 6,120.

Angalia hapo mwisho. Mgeni wa mwezi mzima hakukuongezea hata siku moja juu ya yule wa wiki mbili, ila amekunyang'anya punguzo. Wenye nyumba wengi walimkimbilia kwa hofu. Katika msimu mkubwa wenye pengo hili, wiki mbili ndipo faida inapofikia kilele. Mwezi mzima mpe mtu nje ya msimu, ambapo mbadala wake ni nyumba tupu. Uangalie pia sheria za mahali ulipo, kwa kuwa katika maeneo mengi anayekaa mwezi au zaidi huanza kupata haki za mpangaji, na wakati wa janga serikali nyingi zilisimamisha kuwaondoa wapangaji.

Sasa ondoa ile siku ya pengo. Wageni wa siku 3 wanakuwa 30 na siku 90, unabaki na 7,200. Wa siku 7 wanakuwa 12, unabaki na 7,260. Wa siku 14 wanabaki 6 na 7,200 ile ile. Tofauti karibu imeyeyuka! Hasara haikuwa ya wageni wafupi, ilikuwa ya pengo. Na pengo lenyewe kwa korona halikuwa na msingi mkubwa: Aprili 2021 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilieleza kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye virusi kwa jumla ni chini ya mara 1 kwa kila mara 10,000. Hatari ilikuwa hewani. Janga jingine linaweza kuwa na tabia nyingine, kwa hiyo uliza swali hilo mapema: linaenea kwa hewa, kwa kugusa, au kwa maji? Jibu lake ndilo linaloamua kama kalenda yako inahitaji pengo.

Kwa ugonjwa wa hewani, fungua madirisha yote ya pande mbili mgeni anapotoka, kabla mfanya usafi hajaingia. Ndiye anayekuwa hatarini zaidi. Shuka hazikung'utwi. Sehemu zinazoshikwa zioshwe kwanza kwa sabuni, kwa sababu uchafu huua nguvu ya klorini, kisha zipakwe klorini ya asilimia 0.1: mililita 20 za dawa ya asilimia 5 ndani ya maji mililita 980. Iache ikae angalau dakika moja. Vitasa vya chuma vifutwe baadaye kwa maji safi, maana karibu na bahari vinaoza tayari. Changanya mpya kila siku, na usiichanganye kamwe na siki, dawa za choo zenye tindikali, wala amonia.

Bei

Kanuni moja inaokoa fedha nyingi: usiguse bei ya mwezi mzima. Shughulikia tarehe zilizokwama.

Hadi siku 21 kabla, bei ibaki kama ilivyo, na kiwango cha chini cha kukaa kiwe siku 5. Kati ya siku 20 na 10, shusha kiwango hicho hadi 3. Baada ya hapo kiwe 2. Kulegeza idadi ya siku mara nyingi huuza tarehe bila kupunguza bei hata kidogo, na wengi hawajaribu hilo kwanza. Tarehe zilizobanwa kati ya wageni wawili zipe kiwango cha chini kinacholingana na pengo lenyewe: pengo likiwa siku 2 na kiwango chako ni 3, umejifungia mwenyewe. Punguzo lianze siku 10 kabla, la asilimia 10, kwa tarehe zilizo chini ya makadirio yako ya siku za kutangulia tu. Siku 4 kabla unaweza kwenda asilimia 20. Usizidishe hapo, maana ukizoesha wageni wa karibu kwamba anayengoja hupata nusu bei, wote watangoja, na ndio sasa soko lako lote.

Upande wa kupanda: wiki ikifika asilimia 70 ya siku zake huku zimebaki siku 30 au zaidi, ongeza asilimia 10 kwa zilizobaki, ungoje siku 5, utazame tena. Kabla ya kupandisha, jua kama eneo lako lina sheria ya bei za hali ya dharura. California, kwa mfano, huzuia nyongeza ya zaidi ya asilimia 10 hali ya dharura ikiwa imetangazwa, na malazi yamo.

Kughairi na fedha za wageni

Hapa ndipo biashara nyingi ziliumia. Machi 2020 Airbnb iliamua kwamba waliokuwa wameweka nafasi kufikia tarehe 14 Machi warejeshewe fedha zote kwa safari za kipindi kilichotajwa, hata kama masharti ya mwenye nyumba yalisema vingine. Wenye nyumba walikasirika, na mwisho wa mwezi kampuni ikatenga dola milioni 250 kuwalipa asilimia 25 ya kile ambacho masharti yao ya kughairi yangewapa. Walioweka nafasi baada ya tarehe ile hawakupewa kinga hiyo, kwa hoja kwamba janga lilikuwa limekwisha julikana. Jifunze mambo mawili hapo: masharti yako ndani ya jukwaa la mtu yanaweza kufutwa usiku mmoja, na kinga ya dharura huisha siku dharura inapojulikana na wote.

Kwa wageni wanaoweka nafasi kwako moja kwa moja, andika hali tatu kila moja peke yake. Ya kwanza: amri ya serikali inazuia nyumba kufunguliwa au inamzuia mgeni kutoka kwake. Rejesha fedha zote au hamisha tarehe, achague yeye. Ya pili: mgeni au mwenzake anaumwa au ameamriwa kukaa karantini. Hamisha tarehe ndani ya miezi 12 kwa uthibitisho. Ya tatu: mgeni ameogopa au amebadili mawazo. Hapo masharti ya kawaida yanafanya kazi. Ugomvi mwingi wa 2020 ulitokana na hali hizi tatu kufungwa katika sentensi moja inayosema "kwa sababu zisizozuilika".

Anayehamisha tarehe mpe salio la fedha, usimpe salio la siku. Aliyelipia siku 7 za msimu mdogo kwa bei ya 60 ana 420 kwako. Akitaka kilele cha msimu kwa bei ya 100, salio lake linatosha siku 4 na sehemu. Ukimwandikia "siku 7" umemuuzia kilele kwa bei ya msimu mdogo, na mwaka unaofuata utashangaa umejaa bila kuona fedha. Weka pia kikomo: siku za kilele zinazolipwa kwa salio zisizidi moja kati ya tano.

Amana ya asilimia 20 wakati wa kuweka nafasi, na iliyobaki ilipwe siku 14 kabla badala ya 30 au 60 za zamani. Mgeni anayejua kwamba hajafunga fedha nyingi huweka nafasi mapema zaidi, na hilo peke yake hukurudishia siku za kutangulia ulizopoteza. Amana zikae kwenye akaunti yao. Fedha ya mgeni ambaye hajafika si mapato, na wenye nyumba waliokwama Machi 2020 wengi wao walikuwa wamekwisha kuitumia kuezekea paa.

Sharti moja zaidi linalosahaulika: mgeni anayekutwa na maambukizi siku ya mwisho, asiyeruhusiwa kusafiri, huku mwingine yuko njiani. Andika mapema kwamba atalipa bei ile ile kwa kila siku ya nyongeza na kwamba mgeni anayefuata atahamishiwa nyumba nyingine au kurejeshewa. Wewe una nyumba tatu, kwa hiyo zipe siku tofauti za kubadilisha wageni. Zikibadilika zote Jumamosi, hutakuwa na pa kumpeleka mtu, na mfanya usafi atakimbia nyumba tatu kwa saa tano.

Bima isome sasa, kabla ya tangazo lolote. Bima nyingi za kusimama kwa biashara hudai uharibifu wa jengo, na virusi haviharibu jengo. Baadhi zina kifungu cha ugonjwa wa kuambukiza, na ilikuwa juu ya vifungu vya aina hiyo ambapo Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza, Januari 2021, iliwapa ushindi mkubwa wafanyabiashara waliokata bima. Tafuta maneno yanayotaja ugonjwa, na umbali wa kutoka kwenye nyumba yako unaohesabiwa.

Mwisho, fanya jaribio hili kwa kila nyumba. Msimu wa kawaida: siku 90 kwa ujazo wa asilimia 85 ni kama siku 77, mapato 7,700. Sasa futa wiki 6 za mwanzo. Siku 48 zilizobaki kwa ujazo ule ule ni 41, mapato 4,100. Ongeza siku 30 za baada ya msimu kwa ujazo wa asilimia 60 na bei ya 70, ni 1,260. Jumla 5,360, karibu asilimia 70 ya kawaida. Weka pembeni ya namba hiyo marejesho ya mkopo, kodi, bima na mshahara wa mlinzi, vile visivyojali kama nyumba ina mgeni. Nyumba isiyoweza kujilipia kwa 5,360 inahitaji akiba ya tofauti hiyo ikiwa imekaa benki kabla msimu haujaanza, au mazungumzo na benki kuhusu ratiba ya mkopo wakati bado hujachelewa kulipa hata mara moja.